Joto Hutia, Joto Hutoa: Chaji Zilizonaswa katika Tando za Polima



Nimekuja kuwaeleza habari za utando mwembamba wa plastiki unaoweza kushika chaji ya umeme kwa miaka mingi bila betri wala waya, na kwa nini joto ndilo linaloamua utaishika kwa muda gani. Hoja yangu ni moja. Joto huipa chaji mahali pa kukaa, na joto hilohilo huitoa. Kinachotofautisha kazi hizo mbili ni wakati: je, joto lilikuja kabla ya chaji, pamoja nayo, au baada yake? Anayeujua mpangilio huo hutengeneza kifaa cha kudumu miongo. Asiyeujua hukiharibu kwa nusu saa, tena bila dalili yoyote ya kuonekana kwa macho.

Najua wengi wenu si wanafizikia. Nitakwenda hatua kwa hatua, na hesabu nitakazozitaja ni zile tu ambazo bila hizo jambo lenyewe halionekani.

1. Umeme uliolala

Vipaza sauti vidogo ambavyo watangazaji hubana kwenye kola ya shati vina ndani yake sahani mbili ndogo zinazotazamana. Moja imetulia. Nyingine ni utando mwembamba unaotikisika sauti inapoupiga. Ikiwa kati ya sahani hizo kuna chaji isiyobadilika, basi kila utando unapokaribia au kuachana na mwenzake, volteji hubadilika, na mabadiliko hayo ndiyo sauti iliyogeuzwa kuwa umeme.

Zamani chaji hiyo ililetwa kutoka nje kwa chanzo cha volteji kubwa, na ndiyo maana vipaza sauti vya namna hiyo vilikuwa ghali, vizito, na vya studio tu. Mwaka 1962, katika maabara za Bell huko New Jersey, Marekani, watafiti wawili walitangaza njia nyingine. Mmoja alikuwa Gerhard Sessler, Mjerumani. Mwingine James West, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Virginia mwaka 1931. Walichukua utando wa plastiki uliopakwa chuma upande mmoja, wakautia chaji mara moja, na chaji ile ikabaki ndani ya plastiki yenyewe. Chanzo cha nje hakikuhitajika tena. Walianza na poliesta, kisha kazi ikahamia kwenye Teflon, ambayo hushika chaji kwa uthabiti zaidi. Kwa miongo iliyofuata, takribani vipaza sauti tisa kati ya kumi vilivyotengenezwa duniani vilikuwa vya aina hiyo: vya simu za mezani, vya redio za kaseti, vya vifaa vya kusaidia usikivu. Leo simu nyingi za mkononi zimehamia vipaza sauti vya silikoni, lakini fizikia ya utando wenye chaji haijapitwa na wakati. Nitawaonyesha kwamba iko puani mwa kila muuguzi anayevaa barakoa ya kuchuja hewa.

Kitu kinachoshika chaji kwa namna hii huitwa elektreti. Jina hilo alilitunga Mwingereza Oliver Heaviside mwaka 1885, miaka mingi kabla mtu yeyote hajaweza kutengeneza kitu chenyewe kwa mpango.

2. Eguchi na nta

Aliyeitengeneza kwa mara ya kwanza ni Mjapani, Mototaro Eguchi, kuanzia mwaka 1919. Hakuwa na plastiki. Alichukua nta ya mkarnauba, mti wa Brazili wa jamii ya mnazi, akaichanganya na ulimbo na kiasi kidogo cha nta ya nyuki, akaiyeyusha, kisha akaiacha ipoe na kuganda huku ikiwa katikati ya sahani mbili zenye volteji kubwa. Ilipoganda akaondoa volteji. Kisahani cha nta kilibaki na umeme, upande mmoja chanya na mwingine hasi, na kikabaki hivyo miaka baada ya miaka.

Tazameni mpangilio wa matendo yale: kwanza joto, kisha volteji wakati joto lingalipo, kisha kupoza polepole bila kuondoa volteji, na mwisho kuondoa volteji. Karne moja baadaye, kiwanda kinachotengeneza elektreti za Teflon kinaweza kufuata mpangilio huohuo. Kilichobadilika ni malighafi na vipimo.

Eguchi aliona pia jambo la ajabu. Kisahani kikiwa kipya, upande uliogusa sahani chanya ulikuwa na chaji hasi. Siku zikapita, ikapungua, ikafika sifuri, halafu ikageuka kuwa chanya na kubaki hivyo. Aliyelifafanua jambo hili vizuri ni Bernhard Gross, mwanafizikia mzaliwa wa Stuttgart aliyehamia Brazili mwaka 1933 na kufanya kazi Rio de Janeiro, katika nchi yenye nta hiyo tele. Katika miaka ya 1940 Gross alionyesha kwamba ndani ya nta kuna mambo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza ni molekuli zenyewe kugeuka na kujipanga kufuata uga wa umeme, ncha zao hasi zikielekea sahani chanya. La pili ni chaji halisi zinazoingia kutoka nje na kukwama ndani. Mpangilio wa molekuli huvunjika upesi. Chaji zilizokwama hudumu. Kwa hiyo kinachobaki mwishoni ni zile zilizokwama, na hizo ndizo nitakazozizungumzia sasa.

3. Mtego ni nini?

Polima ni molekuli ndefu sana, mnyororo wa vipande vinavyojirudia maelfu ya mara. Katika plastiki kama polietilini, polipropilini au Teflon, sehemu ya minyororo hiyo hujipanga safu kwa safu na kuwa fuwele, na sehemu nyingine hubaki imevurugika. Baina ya fuwele na sehemu hizo kuna mipaka. Kuna pia ncha za minyororo, matawi, mabaki ya kemikali za kiwandani, na mahali ambapo oksijeni ya hewa imejishika kwenye mnyororo. Elektroni ikiingia humo haina njia iliyo wazi kama ilivyo kwenye shaba. Hukuta mahali ambapo nishati yake inashuka, na hapo inatulia. Mahali hapo tunapaita mtego.

Mitego haina kina kimoja. Chukueni ubao wa bao ambao mashimo yake yana vina tofauti, mengine kama kifuniko cha chupa, mengine kama kikombe. Mwageni kete, kisha utikiseni ubao. Zilizo katika mashimo mafupi zitaruka nje mara moja. Zilizo katika mashimo marefu zitabaki mpaka utikise kwa nguvu. Mtikisiko huo ndio joto. Atomu za kila kitu zinatetema daima, na kadiri joto linavyopanda ndivyo zinavyotetema kwa nguvu zaidi.

Kina cha mtego hupimwa kwa elektroni-volti, kipimo cha nishati. Tuseme elektroni iliyonaswa hujaribu kutoka mara trilioni 10 kwa sekunde, kiwango ambacho wanafizikia hukitumia kama makadirio ya kawaida. Katika joto la chumba cha kwetu, nyuzijoto 27, mtego wa elektroni-volti 1 utaishika chaji kwa wastani usiofika saa mbili. Mtego wa 1.2 utaishika kwa takribani miezi mitano na nusu. Mtego wa 1.5 utaishika kwa takribani miaka 50,000. Tofauti ya nusu moja ya elektroni-volti imetutoa kwenye saa mbili na kutupeleka kwenye muda mrefu kuliko historia yote iliyoandikwa ya binadamu.

Sasa pandisheni joto. Mtego uleule wa 1.5, ulioahidi miaka 50,000, ukifika nyuzijoto 150 utaishika chaji kwa chini ya siku moja. Ukifika nyuzijoto 200, ni kama robo saa tu. Hakuna sehemu ya kifaa iliyovunjika, plastiki haijayeyuka, rangi haijabadilika. Kilichobadilika ni uwezekano wa elektroni moja moja kuruka, na uwezekano huo haupandi taratibu pamoja na joto. Hupanda kwa kuzidishwa, na kuzidishwa tena.

4. Tunajuaje vina vya mitego?

Mitego haionekani hata kwa darubini ya elektroni. Tunaisoma kwa joto lenyewe, na njia ni ya werevu mwepesi. Niwapeleke maabara muone.

Chukueni kipande cha Teflon ya aina inayoitwa FEP, chenye unene wa mikromita 25, yaani robo ya unene wa karatasi ya daftari. Upande mmoja umepakwa alumini. Kinawekwa kwenye bamba la chuma, alumini ikiwa chini, na juu yake, kwa umbali wa sentimita chache, inaelekezwa sindano yenye volti elfu kadhaa. Hewa iliyo kwenye ncha ya sindano inavunjika kuwa ayoni, yaani chembe zenye chaji; ukiwa gizani unaona mwanga hafifu wa zambarau, na ayoni zile zinashuka kwenye utando. Katikati huwekwa wavu wa chuma unaodhibiti kiasi, ili chaji isambae sawasawa. Dakika chache zinatosha.

Tuseme sasa uso wa utando umefika volti 500. Kila sentimita ya mraba imebeba elektroni za ziada kama bilioni 230. Ni nyingi kuzitamka, lakini ni elektroni moja tu kwa maelfu ya atomu za uso ule. Uga wa umeme ndani ya utando ni volti milioni 20 kwa mita, ilhali hewa ya kawaida huvunjika na kutoa cheche ifikapo volti milioni 3 hivi kwa mita. Nguvu yote hiyo inashikwa na kipande unachoweza kukikunja kwa vidole viwili.

Kisha utando unaingizwa kwenye oveni ndogo, umebanwa baina ya sahani mbili zilizounganishwa na mita inayosoma mikondo midogo mno, ya kiwango cha pikoampia, yaani sehemu ya trilioni ya ampia. Joto linapandishwa kwa mwendo usiobadilika, tuseme nyuzijoto mbili au tatu kwa dakika, na mkondo unaandikwa. Mwanzoni mstari unalala. Joto likifika mahali ambapo mitego mifupi inashindwa, mkondo unainuka, unafika kilele, unashuka, maana chaji za mitego ile zimekwisha. Halafu unainuka tena, kilele kingine, cha mitego mirefu zaidi. Kwa FEP iliyotiwa chaji hasi, kilele kikubwa hukaa juu ya nyuzijoto 150, na kwa utando uliotayarishwa vizuri hukaribia au kupita nyuzijoto 200. Kwa polipropilini huwa chini ya hapo kwa mbali. Mchoro ule mmoja ni orodha ya mitego yote iliyokuwa na kitu ndani, imepangwa kuanzia iliyo dhaifu hadi iliyo imara.

Hapa pana onyo kwa wanafunzi. Kipimo hiki hukiua kinachopimwa. Ukishausoma mchoro hadi mwisho, elektreti imekwisha. Ndiyo maana viwanda hupima vipande vichache na kuvihukumia vingine vyote, na hukumu hiyo ni halali tu ikiwa vyote vimepita katika joto lilelile.

5. Joto la kabla, la pamoja, na la baada

Tumefika kwenye kiini cha mhadhara huu.

*Joto la kabla.* Utando wa plastiki unapotoka kiwandani huwa umepozwa haraka. Minyororo haikupata nafasi ya kujipanga. Fuwele ni ndogo na mbovu, na kuna mikazo iliyogandia ndani. Polipropilini ni mfano mzuri: ikipozwa ghafla hubaki katika hali ya nusu-mpangilio, na ikipashwa kupita nyuzijoto 70 au 80 hivi minyororo hujirekebisha kuwa fuwele kamili. Tukiupasha utando huo kabla ya kuutia chaji, tukauacha saa kadhaa chini ya joto lake la kuyeyuka, kisha tukaupoza polepole, mambo matatu hutokea. Fuwele hukua, na mipaka yake huwa mahali imara pa kunasa chaji. Sehemu za ovyo zenye mitego mifupi hupungua. Unyevu na mabaki ya kemikali, ambayo yangebeba chaji na kuitorosha, hutoka. Chaji itakayokuja baadaye inakuta nyumba imetengenezwa.

Lakini kuna kikomo. Joto la kupita kiasi mbele ya hewa huichoma polima kidogo kidogo: oksijeni hujishika kwenye minyororo na kuikatakata. Mahali pa oksijeni napo panaweza kunasa chaji, na mtafiti asiye makini anaweza kushangilia ongezeko la mitego kumbe plastiki yake inazeeka na kuwa rahisi kuvunjika. Kipimo cha chaji peke yake hakitoshi. Lazima kiambatane na kipimo cha fuwele na cha uimara.

*Joto la pamoja.* Njia ya pili ni kutia chaji wakati utando ukiwa wa moto. Tuseme FEP inatiwa chaji ikiwa katika nyuzijoto 150. Katika joto hilo mtego mfupi hauwezi kushika kitu hata kwa sekunde moja. Elektroni ikiingia inatoka, ikihamahama hadi ikute mtego mrefu. Sehemu ya chaji pia husogea kutoka usoni kwenda ndani zaidi, mbali na vumbi, vidole na unyevu. Kisha utando unapozwa huku sindano ingali inafanya kazi. Kilichobaki humo kimekwisha kujaribiwa. Mchoro wake wa oveni huonyesha kilele kilichohama kwenda kwenye joto la juu kuliko cha utando uliotiwa chaji ukiwa baridi. Ndiyo siri ya Eguchi, sasa tukiwa na maelezo yake.

*Joto la baada.* Utando umekwisha kutiwa chaji, kisha unapashwa. Hapa joto ni mnyang'anyi, lakini hata mnyang'anyi huyu huweza kutumiwa kwa faida. Mtengenezaji wa vipaza sauti hataki chaji kubwa tu. Anataka chaji isiyobadilika, maana chaji ikipungua, usikivu wa chombo unapungua nayo. Kwa hiyo huupasha utando kwa makusudi baada ya kuutia chaji, katika joto lililo juu ya lile ambalo chombo kitakutana nalo maishani, na kukubali kupoteza sehemu ya chaji papo hapo. Dhaifu zote zinaondoka kiwandani. Zinazobaki ni zile ambazo joto la kawaida haliziwezi. Mnunuzi anapata chombo chenye chaji pungufu kidogo, lakini kitakachosema vilevile leo na baada ya miaka kumi.

Joto la baada likija bila mpango, ghalani, garini au jikoni, halichagui. Huondoa kadiri liwezavyo, na hakuna aliyepima kilichobaki.

6. Somo la barakoa

Barakoa za kuchuja hewa za daraja la N95 zina safu ya katikati ya nyuzi nyembamba za polipropilini, nyingi zikiwa na kipenyo cha mikromita chache tu. Kiwango kinataka zizuie angalau asilimia 95 ya chembe za mikromita 0.3, ambazo ni miongoni mwa zile ngumu kukamatwa. Kwa nafasi zilizopo kati ya nyuzi zile, chembe nyingi zingepita. Zinakamatwa kwa sababu nyuzi zina chaji iliyonaswa. Hata chembe isiyo na chaji yake ikikaribia uzi, uga wa umeme huivuta. Chaji hiyo huongeza uchujaji mara kadhaa bila kuongeza ugumu wa kupumua hata kidogo.

Miongoni mwa waliojenga njia ya kutia chaji nyuzi hizo ni Peter Tsai, mzaliwa wa Taiwan, aliyefanya kazi hiyo katika Chuo Kikuu cha Tennessee na kupata hataza mwaka 1995. Mwaka 2020, UVIKO-19 ilipoenea na hospitali duniani zikaishiwa barakoa, alikuwa amekwisha kustaafu. Alirudi kazini, na swali lililomkabili yeye na wenzake wengi lilikuwa ndilo swali letu la leo: barakoa iliyokusudiwa kutumika mara moja, ikilazimu kutumika tena, inaweza kusafishwa kwa njia gani bila kuipoteza chaji?

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, akiwamo Steven Chu aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1997, walichapisha majibu mwaka huohuo. Safu za polipropilini zilipopashwa kwa nyuzijoto 85 kwenye unyevu wa asilimia 30, zilivumilia mizunguko 50 bila uchujaji kubadilika kwa kiasi cha maana. Katika hewa kavu, hata nyuzijoto 100 hazikuleta madhara makubwa ndani ya mizunguko 20. Kumbe mitego ya nyuzi zile ni mirefu vya kutosha kustahimili joto hilo kwa muda huo. Mvuke wa maji ulishusha uchujaji kadiri mizunguko ilivyoongezeka. Alkoholi na dawa zenye klorini ziliushusha vibaya sana. Kwa hiyo adui mkubwa wa barakoa ile hakuwa joto kavu la wastani, bali kimiminika kilichofika kwenye nyuzi na kuzipokonya chaji.

Naomba tukae hapa kidogo. Mtu mwenye nia njema, mwenye kujali usafi, angeinyunyizia barakoa yake spiriti. Ingekauka, ingekuwa safi, ingenukia hospitali. Angeivaa na kupumua kama kawaida, kwa sababu nyuzi ziko palepale na upenyo wa hewa ni uleule. Chaji tu ndiyo imeondoka, na pamoja nayo sehemu kubwa ya kinga. Hakuna hisi ya binadamu inayoweza kumwambia hivyo. Kwa muuguzi wa wodi ya kifua kikuu, ambaye anazihitaji barakoa hizi hata pasipo na janga, jambo hili ni la uhai.

Uhifadhi wa barakoa nao una hatari yake. Pwani yetu ya Afrika Mashariki ina joto na unyevu kwa pamoja. Kontena lililofungwa na kuachwa juani bandarini hupata joto kuliko hewa ya nje, na gari lililofungwa hali kadhalika. Joto hilo halifiki nyuzijoto 85 kwa urahisi, lakini halikai nusu saa tu. Hukaa mchana kutwa, siku baada ya siku, na mara nyingi pamoja na unyevu. Hesabu ya mitego inajumlisha muda pamoja na joto. Ghala la barakoa lisimamiwe kama ghala la dawa: kivuli, ukavu, hewa inayopita, na tarehe ya mwisho inayoheshimiwa.

7. Pale ambapo kunasa ni hasara

Hadi sasa nimesifu chaji iliyonaswa. Upande wa pili uko kwenye kebo za umeme mkubwa.

Kebo zinazopeleka umeme Unguja na Pemba kutoka bara ni za mkondo geu. Humo mwelekeo wa volteji hugeuka mara 100 kila sekunde, na chaji hazipati muda wa kujikusanya ndani ya kihami. Katika mkondo mnyoofu, unaofaa kwa masafa marefu chini ya bahari, volteji inasimama upande mmoja saa na siku. Chaji huingia katika plastiki kidogo kidogo na kunaswa. Zinapotulia karibu na waya hupunguza uga mahali hapo na kuuongeza mahali pengine. Mwendeshaji akigeuza ghafla mwelekeo wa volteji, chaji zile hazigeuki naye. Zinabaki zimenaswa, na sasa zinaongeza uga palepale zilipokuwa zikiupunguza. Kihami kinaweza kutoboka.

Ndiyo maana kebo ya kwanza ya kibiashara ya namna hiyo baharini, iliyounganisha kisiwa cha Gotland na bara la Uswidi mwaka 1954, ilitumia karatasi iliyoloweshwa mafuta, na plastiki ikasubiri miongo mingine. Mwaka 1999, katika Gotland hiyohiyo, kebo ya mkondo mnyoofu yenye kihami cha polietilini ilianza kazi, ikiunganishwa na mitambo mipya inayogeuza mwelekeo wa nishati bila kugeuza mwelekeo wa volteji.

Joto lina kazi hapa pia. Polietilini ya kebo hufungamanishwa minyororo kwa kemikali ya peroksidi, na kazi hiyo huacha mabaki kama methani na asetofenoni ndani ya plastiki. Mabaki hayo huchangia kukusanyika kwa chaji. Kwa hiyo kebo mpya huwekwa kwenye chumba cha moto, nyuzijoto 60 hadi 80 hivi, kwa siku kadhaa au wiki, hadi mabaki yatoke. Ni joto la kabla, kama lile la utando wa elektreti, ila lengo ni kinyume: kuzuia chaji zisikusanyike. Na kebo ikishaanza kazi, waya wake wa ndani hupata moto kuliko ganda la nje. Plastiki iliyo karibu na waya hupitisha umeme kwa urahisi zaidi, na uga husukumwa kwenda nje, mahali ambapo mhandisi aliyefikiria kebo baridi hakuutarajia. Anayesanifu kebo bila kusanifu joto lake amesanifu nusu ya kebo.

8. Tufanye nini?

Ninayo mapendekezo matatu.

La kwanza ni kwa wanaonunua. Bidhaa yenye chaji iliyonaswa, iwe ya kuchujia hewa, ya kunasia sauti au ya kupimia mtetemo, inunuliwe pamoja na maelezo ya joto lake: ilipashwa kiasi gani kabla na baada ya kutiwa chaji, isizidi joto gani ghalani, na kwa muda gani. Mkataba usiotaja hayo haujataja jambo linaloamua maisha ya bidhaa.

La pili ni kwa walimu. Jaribio la Eguchi linawezekana katika shule ya sekondari yenye chanzo cha volteji kubwa cha kufundishia na mwalimu makini wa usalama. Nta ya nyuki tunayo. Tabora imeiuza duniani kwa vizazi. Mwanafunzi akiyeyusha mchanganyiko wa nta, akaugandisha chini ya volteji, akapima chaji wiki hadi wiki, kisha akakipasha kipande kimoja na kukiacha kingine, atakuwa ameigusa fizikia ya mitego kwa mikono yake mwenyewe.

La tatu ni kwa vyuo vikuu vyetu. Oveni inayodhibitika, sindano, wavu, na mita ya mikondo midogo si vifaa vya mataifa tajiri peke yao. Kwa vifaa hivyo tunaweza kupima jambo linalotuhusu sisi: chaji ya nyuzi za polipropilini hupungua kwa kasi gani katika joto na unyevu wa Mombasa, Tanga au Mtwara, mwezi baada ya mwezi? Viwango vingi vya uhifadhi viliandikwa kwa maghala ya nchi za baridi. Majibu ya hapa lazima yapimwe hapa, na wa kuyapima ni sisi.

Mabibi na mabwana, polima haisahau joto lililoipitia. Kila saa iliyokaa motoni, kila kupozwa kwa haraka au kwa taratibu, kumeandikwa katika mitego yake, na mwandiko huo ndio unaoamua kama muuguzi amekingwa na kama kebo itahimili. Kazi yetu ni kuusoma kabla hatujakikabidhi kifaa uhai wa mtu.